Filta za 85 au za 100? Kabla hujatuma hela geuza kifuniko cha lenzi yako

Juzi jioni niko Capri Point hapa Mwanza nakunja stendi ya kamera, dogo mmoja ambaye huwa tunakutana pale wikendi kanifata na simu mkononi, kanionyesha picha ya seti ya filta imepangwa vizuri kwenye kimfuko cheusi, holda moja, ringi kibao, filta za gradi za kila rangi, bei imeshushwa, muuzaji kaandika inaingia lenzi zote. Akaniambia "dada, nimebakiza kutuma hela tu, hii ya 85 itanifaa au nichukue ile ya 100?" Nikamuuliza una lenzi gani, akasema ile iliyokuja na kamera na moja ya mbali ya kuvuta, nikamuuliza na baadae unataka nini, akasema anataka kupiga ziwa na harusi za ufukweni. Nikamwambia basi usitume kwanza, kaa hapa kwenye jiwe nikueleze. Tukaongea mpaka giza likaingia na mbu wakaanza, na njiani nikirudi nikawaza ngoja niandike kabisa, maana hilo swali lake mimi lilinilia seti mbili kabla sijapata jibu na sikuwa na wa kumuuliza.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, filta ya gradi ni kioo au plastiki ngumu ya mstatili, juu imewekwa kijivu afu kijivu kinaisha taratibu chini ikabaki safi. Angalia kioo cha mbele cha daladala yenye tinti ile ya juu tu kwa ajili ya jua la dereva, ni kitu kilekile. Unaichomeka kwenye holda mbele ya lenzi, unaishusha mpaka ule mpaka wa kijivu ukae pale mbingu inapokutana na maji, basi mbingu inapungua mwanga na maji na mawe yanabaki kama yalivyo. Zina nguvu tofauti, ikiandikwa 0.3 inapunguza stopu 1, yaani mwanga unabaki nusu, 0.6 stopu 2, 0.9 stopu 3.

Na hapa kwetu inahitajika sana. Jua la Mwanza linazama upande wa pili wa ghuba, kule Sengerema, kwahiyo ukisimama Capri Point au pale kwenye jiwe la Bismarck jioni unapiga kuelekea jua moja kwa moja, mbingu inawaka na mawe yaliyo mbele yako yako kwenye kivuli. Ukipimia mawe mbingu inaungua inakua nyeupe tupu, ukipimia mbingu mawe yanakua meusi kama mkaa. Afu sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linashuka wima, likishagusa kilima ni kama dakika mbili tu na kitu limemezwa lote, huna muda wa kuhangaika na vifaa visivyoingia. Najua kuna watakaosema piga picha mbili tatu uziunganishe kwenye kompyuta, na mimi huwa nafanya hivo nikiwa napiga mawe matupu, ila mtumbwi unapita, maji yanacheza, shela la bibi harusi linapepea, kila fremu kitu kimehama. Kwenye ziwa napenda nimalize palepale.

Sasa saizi. Kuna namba mbili na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni kipenyo cha thredi ya lenzi yako, zile nyuzi za mbele unapofungia filta ya duara. Geuza kifuniko cha lenzi uangalie kwa ndani, au soma pembeni ya kioo cha mbele, utaona alama ya duara lililopigwa mstari na namba mbele yake. Hiyo ndo yako. Usichukue ile namba ya urefu wa lenzi (ile inayosema lenzi inaona pana au inavuta mbali, ikiwa ndogo inaona pana), nimeshaona mtu kaagiza ringi ya 50 kwa sababu ana lenzi ya 50, wakati ile Canon 50 f/1.8 STM thredi yake ni 49. Canon 18-55 zile za kamera za kawaida ni 58, ile 10-18 yao ya EF-S ni 67, 17-40 ni 77, Fuji 10-24 ni 72, Nikon Z 14-30 ni 82. Namba ya pili ni upana wa filta yenyewe, na ndo hiyo wanayoiita mfumo wa 75, wa 85, wa 100, wa 150. Holda ni ya huo upana, na kati ya holda na lenzi kuna ringi ya kuunganisha. Ringi ndo inabadilika kila lenzi, holda na filta zinabaki zilezile. Kwahiyo ukiwa na lenzi tatu unanunua ringi tatu na seti moja ya filta, uzuri wote wa hizi filta za mstatili uko hapo.

Wa kwanza kuuleta huu mtindo madukani kwa watu wa kawaida ni Mfaransa mmoja anaitwa Jean Coquin, mwishoni mwa miaka ya 1970, ndo maana ya Cokin, na saizi yao ya P yenye upana wa milimita 84, ambayo wengi wanaiita 85, ndo imeigwa na kila kiwanda, zile seti za bei rahisi unazoziona mtandaoni karibu zote ni nakala ya hiyo P.

Na mimi nilianza na hiyohiyo. Nilikua na kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) na 18-55 yenye thredi 58, seti ikaja imetumwa kwa basi kutoka Dar, nikaifunga ikakaa vizuri kabisa, nilipiga nayo miezi mingi, dagaa wameanikwa kule Igombe na wingu la mvua nyuma yao, kivuko cha Kamanga kinaondoka asubuhi, sikuwa na tatizo. Tatizo likaja niliponunua ile 10-18. Thredi 67, ringi ipo, inaingia vizuri, nikaenda Bismarck jioni nikiwa na furaha zote, nikafungua mpaka 10, nikaona kona zote nne za picha zina weusi. Sio filta, ni holda yenyewe inaonekana kwenye picha. Holda ile ilikua na nafasi tatu za kuchomeka filta, zimejipanga moja mbele ya nyingine, na lenzi pana inaona mpaka zile kuta zake za plastiki. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata nafasi mbili za mbele nikabakiza moja, na hiyo ni mbinu inayofanya kazi kweli, watu wanaitumia duniani kote, kona zikapungua sana, nikivuta mpaka 12 hivi zinaisha kabisa. Kama unayo seti ya aina hiyo na huna hela ya nyingine sasa hivi, kata tu, plastiki ni laini, lainisha na msasa umemaliza.

Ila mwaka uliofuata nikapata kamera ya sensa kubwa, ile full frame, ya mtumba pamoja na 17-40 yenye thredi 77, na hapo msumeno haukusaidia. Muuzaji wa kwanza alikua ameniambia inaingia lenzi yoyote, na ni kweli ringi ya 77 ipo, ya 82 pia ipo kwenye mfumo huo. Kuingia inaingia. Ila kuingia na kufaa ni vitu viwili, na hichi ndo kitu ambacho ningetamani mtu angenikalisha kwenye jiwe akanieleza mapema.

Sikiliza hesabu yake, sio ngumu. Lenzi ya 17 kwenye sensa kubwa inaona kama nyuzi 104 kutoka kona mpaka kona. Maana yake kila milimita 1 unayoisogeza filta mbele kutoka kwenye kioo, duara la mwanga unaopita linapanuka kama milimita 1 na robo kila upande. Ringi ina unene wake, holda ina unene wake, filta ya kwanza iko mbele milimita kadhaa, ya pili iko mbele zaidi. Sema imekaa milimita 8 mbele, tayari unahitaji milimita 10 za ziada kila upande kuelekea kwenye kona. Filta yenye upana wa 84 mbele ya lenzi yenye thredi 77 imebakiza milimita tatu na nusu tu kila upande. Haitoshi. Chukua sasa lenzi ya 50, kila milimita mbele inaongeza chini ya nusu milimita, na lenzi ya 70-200 f/2.8 ndo kabisa haijali, nyingi zina thredi 77 hiyohiyo ila unaweza kuweka holda ya P juu yake ukapiga bila kona hata moja kuwa nyeusi. Kwahiyo kipenyo peke yake hakitoshi kukuamulia, unauliza lenzi yangu pana kuliko zote inaona upana gani, na sensa yangu ni kubwa au ndogo.

Ndo nikahamia kwenye 100. Nilinunua kidogokidogo, kwanza holda na ringi ya 77, baadae filta moja ya 0.6, baadae ya 0.9. Nashauri hivo kwa yeyote ambaye hela haiji kwa mkupuo, maana filta moja nzuri ya 0.6 inafanya kazi nyingi kuliko sita za seti, zile za rangi ya chungwa na bluu kwenye seti sijawahi kumuona mtu anazitumia mara mbili. Na kwenye 100 kuna faida nyingine, saizi ya milimita 100 kwa 150 yenye unene wa 2 imekua kama ya kila mtu, Lee, NiSi, Kase, Haida, filta ya huyu kwa kawaida inaingia kwenye holda ya yule, ukikuta mtu anauza moja ya mkononi hapa mjini unaweza kuichukua. Ringi ndo hazichangamani, ringi ya kampuni moja usitegemee ikae kwenye holda ya kampuni nyingine. Huo urefu wa 150 pia una kazi yake, unaweza kuipandisha na kuishusha utakavyo, ukitaka ziwa kubwa mbingu kidogo au mbingu kubwa ziwa kidogo bado ukingo wa filta hauonekani, zile fupi za kwenye seti ukizishusha sana unaona pale juu zilipoishia.

Lakini, na hapa nisikilizwe vizuri, 100 sio jibu la kila mtu, na wanaosema nunua kubwa tu utakua salama hawajasema yote. Filta kubwa ina mpito mrefu. Yaani kile kijivu kinapoisha taratibu kwenye ile ya laini kinachukua sentimita kadhaa kutoka kuwa kijivu kamili mpaka kuwa safi. Lenzi yenye kioo kidogo cha mbele inaangalia kupitia sehemu ndogo tu ya filta, inaona katikati ya mpito peke yake, haifiki kwenye kijivu kamili juu wala haifiki kwenye usafi chini. Niliweka 0.9 laini ya 100 kwenye ile 18-55 yangu ya zamani nikapiga na filta na bila filta, sehemu ileile dakika ileile, mbingu ilipungua kidogo sana, nikajua kumbe stopu 3 nilizolipia sizipati zote. Ukiiweka kwenye lenzi ya kuvuta ya 200 ndo inakua kijivu sawasawa picha nzima. Kwahiyo mwenye kamera ndogo akinunua 100 asichukue laini, achukue ya kati au ngumu, ambazo kijivu chake kinaisha haraka zaidi. Au achukue mfumo mdogo ambao mpito wake umepimwa kwa lenzi ndogo, kama ule wa 75 ambao filta zake za Lee zilikua 75 kwa 90, au wa 85 wa kampuni hiyohiyo wenye filta za 85 kwa 115. Mwenye kamera ndogo zisizo na kioo ndani (mirrorless), lenzi zake zote thredi ni 49, 52, 58, 62, na hana mpango wa kwenda sensa kubwa, hana sababu ya kubeba holda kubwa kama sahani kwenye bodaboda.

Na mawe yetu yanaongeza neno hapo. Ngumu inapendeza pale mstari umenyooka, ukiwa Capri unaangalia ghuba, vilima vya ng'ambo ni vya chini, mstari unakaa. Ukienda Bismarck au ukiwa na kisiwa cha Saanane kwenye fremu, mawe yanapanda juu ya mstari wa maji, filta ngumu inakata vichwa vya mawe vinakua vyeusi na mtu yeyote anaona kuna kitu kimefanyika. Mimi natembea na ya kati, ndo ninayoitumia zaidi. Afu kuna ile ya kinyume, nyeusi yake kubwa iko katikati pale kwenye mstari na inapungua kwenda juu, kwa jua lililokaa juu ya maji ni tamu sana ila inunue mwisho. Na kitundu cha lenzi nacho kinabadilisha, ukiwa f/11 mpito unaonekana mkali, ukifungua f/2.8 unasambaa, kwahiyo panga filta yako ukiwa umeshaweka f unayopigia.

Ya 150 nitasema kwa ufupi. Hiyo ni ya lenzi zenye kioo kilichovimba mbele kama jicho la samaki, zisizo na thredi kabisa, kama Nikon 14-24 f/2.8 ile ya 2007, holda yake inashika kwenye lenzi yenyewe. Ni ghali, nzito, kama unapiga na 16 au 17 yenye thredi achana nayo.

Mambo madogo ambayo nimeyaona yakimtesa mtu. Toa filta ya UV, ile ya duara ya kulinda lenzi, kabla hujafunga ringi, ile inasukuma kila kitu mbele milimita kadhaa na umeshaona hesabu yake. Usijenge mnara wa ringi za kuongeza saizi moja juu ya nyingine kutoka 58 kwenda 67 kwenda 77, nunua ringi moja ya saizi yako moja kwa moja kwenye holda. Ringi za lenzi pana zimetengenezwa zirudi ndani zikumbatie lenzi, kwa 77 na 82 tafuta hizo. Na kama una polaraiza, ile filta ya kuzungusha ya kukata mng'ao, angalia holda ina sehemu yake ya ndani ya kuizungushia, ukiifunga kwenye lenzi kwanza na holda juu yake, kila ukiizungusha na filta ya gradi inazunguka.

Kuhusu plastiki na kioo, plastiki inachubuka, kioo kinapasuka. Pale kwenye mawe ya ziwa nimeangusha yote. Ya plastiki ilipata mikwaruzo na bado naitumia, ya kioo nilirudi na vipande kwenye kitambaa. Ila nyingi za seti za bei rahisi zina ugonjwa wa kutoa rangi ya zambarau, ukizipanga mbili mbingu ya Mwanza inakua kama juisi ya zabibu, na hiyo kwenye kompyuta inasumbua kuitoa maana iko juu tu chini haipo.

Kwa harusi mara nyingine sifungi hata holda. Nashika filta ya 100 kwa vidole nikiigusisha kabisa kwenye lenzi, bibi harusi kasimama kwenye mchanga, naishusha kwa jicho, napiga. Upana wake ndo unaniruhusu, ile ya 84 vidole vilikua vinaingia kwenye picha.

Basi dogo nikamwambia hivi. Kama utabaki na kamera hiyo na 18-55 yako na ile ya kuvuta, 85 inakutosha kabisa na usione aibu, kata nafasi za mbele siku ukinunua lenzi pana. Kama kweli unakwenda kwenye harusi na unaona ndani ya mwaka mmoja miwili utakua na sensa kubwa na lenzi pana ya 77 au 82, anza na 100 leo, holda, ringi moja ya 58, filta moja ya 0.6 ya kati, basi, nyingine zitakuja. Akasema anaelekea kwenye harusi, ila hana uhakika kama holda itakua kubwa mno kwenye kamera yake. Jumamosi anakuja na lenzi zake zote mbili, mimi nakuja na holda zote mbili, ile ya P niliyoikata na ya 100, ringi za 58 za holda zote mbili ninazo bado. Tunakutana saa kumi na moja na nusu palepale Capri, afunge moja moja aangalie kona zake mwenyewe kabla jua halijafika kwenye kilima, akitoka hapo ndo atume hela.